Pole za Mama Nekesa

Wanga unaochemka haunukii, wala haunuki. Una uvuguvugu wake mzito tu, kama uji uliosahauliwa mekoni. Juzi jirani yangu alikuwa akipika wanga wa kukazia nguo, mlango wake uko wazi, nami nikasimama hapo nje na mfuko wangu wa mboga, miguu imekataa kwenda. Siku hizi watu hununua wanga wa kupuliza, umo kwenye kopo. Sisi tuliolelewa Mji wa Kale, na hasa sisi ambao mama zetu walishona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, tunajua kwamba wanga hupikwa, hupozwa, huchujwa kwa kitambaa, na mtoto akitia kidole humo huchapwa.

Mamangu alishona kofia nyingi, lakini ninayoikumbuka mimi ni moja. Ilikuwa ya mjomba wangu, ndugu yake wa pekee, aivae siku ya kuozwa. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitundu vidogo vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya kumtoa mtu machozi ya macho. Aliianza kabla mjomba hajapata mchumba, na posa ilipojibiwa bado alikuwa amebakiwa na upande mmoja. Tuliamriwa kunawa mikono hata kabla ya kuitazama.

Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni. Sisi tulikaa chini, na ua ulikuwa wetu. Juu palikuwa na vyumba viwili na ushoroba wa mbao uliouzunguka ua, na huko walikuwa wamehamia watu wa bara: baba aliyefanya kazi bandarini, mkewe Mama Nekesa, na Nekesa mwenyewe, rika langu. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanaisha, mwanamke mtu mzima aliyekaa Bondeni, ambaye hatukumwona ila pakiwa na neno.

Niseme kweli, tulikuwa tumeshawashuku kabla hawajatua vyombo. Mimi hadi leo ni mtu wa kushuku, na sikuiokota tabia hiyo barabarani. Mama Nekesa alipopita mlangoni petu asubuhi alisema "Habari" huku mguu wake umo ngazini tayari. Kwetu salamu ni kituo. Unasimama, unaulizwa hujambo, wa kwenu hawajambo, wazee wazima, nawe unauliza hivyo hivyo, ndipo unakwenda zako. Mama alisema mwanamke yule anatoa salamu kama anayemwaga maji ya samaki, hatazami yanamwangukia nani.

Kumbe na huko juu walikuwa na yao. Siku moja tukicheza mdako, mimi na Nekesa tumechuchumaa kando ya kishimo chetu cha kokoto, aliniuliza kwa nini mamangu huuliza kila siku kama kukhu ni mzima. Kukhu ni bibi yake, aliyekuwa kwao bara. Mamake alitaka kujua huyu mama wa chini ana haja gani na uhai wa kikongwe asiyemjua. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua, maana kwetu kila mtu huulizwa kuhusu wazee wake na hakuna anayeshtuka. Nikamshuku kidogo Nekesa kwa kuuliza.

Lakini nilimpenda. Nyumba yetu haikuwa na msichana mwingine, na kaka zangu walikuwa wakubwa, hawana muda na mtoto. Nekesa alirusha kokoto juu na kuzoa nyingine zote kabla ya ile ya kwanza kuanguka, akanishinda kila siku, na hakunicheka hata mara moja. Nilipoamka asubuhi, jambo la kwanza nililolisikiliza ni nyayo zake kwenye mbao za juu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mama aliifua kofia, akaitia wanga, akaivisha kwenye faroma, lile gogo la mviringo linaloshika umbo la kofia isisinyae, akaiweka uani ikauke. Kisha akaingia ndani kuswali adhuhuri. Juu, Mama Nekesa alikuwa amefua sweta mpya ya Nekesa ya shule, rangi ya damu ya mzee, akaitundika ukingoni mwa ushoroba bila kuikamua vya kutosha. Mimi nilikuwa mlangoni nikichagua mchele. Tone la kwanza nilidhani ni kunguru amejisaidia. La pili nikaona rangi juu ya kofia.

Mama alitoka, leso ya kuswalia bado iko kichwani. Hakupiga kelele. Alisimama tu mbele ya faroma, mikono imening'inia. Mama Nekesa aliona kutoka juu, akateremka ngazi bila viatu, mikono yote miwili kifuani.

"Pole, Mama Rukia," akasema. "Pole. Pole sana."

Mama aliichukua faroma na kofia yake, akaingia ndani, akafunga mlango ambao mchana haukuwa ukifungwa. Akakaa kitandani, akaniambia mimi kwa kuwa hapakuwa na mwengine: "Wamsikia? Anipa pole. Kwani mimi nimefiwa?"

Kwetu pole hupewa mgonjwa, mfiwa, na aliyejikwaa. Ni neno la mpita njia mwenye huruma. Ukiniangushia mchi mguuni kisha ukaniambia pole, umejitoa, kama kwamba wewe ulikuwa ukipita tu ukaukuta mchi unaanguka wenyewe. Aliyekosa husema niwie radhi. Mama alilingoja neno hilo siku nzima. Mama Nekesa alishuka tena, na tena, na kila aliposhuka alileta pole mpya. Akasema pia ana sabuni kali, apewe kofia ajaribu kuitoa rangi. Mama akanong'ona kuwa sasa ataka kuimaliza kabisa.

Mimi lile swali la Mama nililichukua kama lilivyo. Ikiwa pole ni ya mfiwa, na Mama Nekesa ametupa pole zote hizo, basi anajua msiba unaokuja. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia makontena Shimanzi akayapeleka Malaba, na Nekesa aliwahi kuniambia kwamba kwao ni huko huko, karibu na mpaka. Nikaunganisha. Nilikaa chini ya ngazi nikimtazama Mama Nekesa akipita na ndoo yake, nikitafuta usoni mwake ni lini na ni wapi. Alipotabasamu nilijua anaficha. Baba aliporudi, mzima, ana mkungu wa ndizi begani, alilala mchana kutwa kama afanyavyo kila safari, na badala ya kufurahi nilikuwa nikimsogelea kusikiliza kama anapumua.

Siku zikapita, kofia imefunikwa kwa kitambaa juu ya kabati, na Mama akaona kunyamaza hakumfai mtu. Akanifunga mtandio vizuri, akanituma juu na maneno kamili. Hataki kununuliwa kofia nyingine, hataki kufuliwa, hataki kitu. Ataka umuombe radhi, basi. Niliyakariri njia nzima.

Mama Nekesa alikuwa akisonga ugali. Nikayasema. Mwiko ukasimama. Akaniomba nilirudie lile neno la kuombwa, nami nikalirudia kwa ufundi wote, maana chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, herufi dhali tulifunzwa kwa bakora: ncha ya ulimi baina ya meno, usije ukaifanya dali. Akaniuliza kama ni mamangu mwenyewe aliyesema hivyo. Nikasema naam, ni yeye. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kisha akasema nimwambie mamangu amesikia. Niliposhuka, harufu ya ugali unaoungua ilinifuata.

Mama aliuliza nimejibiwa nini, nikamwambia. Akalirudia lile neno, amesikia, akangoja. Jioni ikaingia bila mtu kushuka.

Tangu hapo mambo ya juu yakabadilika. Redio ya Baba Nekesa ikanyamaza. Sufuria zilizokuwa zikianikwa ukingoni zikaondolewa zote, na waya wa kuanikia nguo ukafunguliwa, pakafungwa kamba ya katani. Nekesa hakushuka tena. Nilipomwita alinichungulia baina ya mbao, akasema amekatazwa, akarudi ndani. Masika yalikuwa yameanza, na alasiri moja ngurumo ikapiga upande wa Likoni, tukamsikia Mama Nekesa akiomba kwa sauti iliyofika mtaa wa pili: ishindwe, irudi ilikotoka. Mama akaacha kushona. Akauliza ilikotoka ni wapi, kama si hapa chini. Akatia ubani kwenye chetezo, akafukiza vyumba vyote, na moshi ukapanda kwa watu wa juu kwa kuwa hauna pengine pa kwenda. Madirisha yao yakafungwa kwa kishindo. Sasa kila upande ulikuwa na ushahidi.

Majirani walitusaidia sana kuchukiana. Mmoja alisema watu wa bara huficha vitu chini ya ngazi. Nikatumwa kutazama, nikarudi na ndara ya kaka yangu iliyopotea zamani, na hata hiyo ikajadiliwa. Hakuna aliyefikiria kupanda akauliza. Baba alisema kwa upole kuwa jambo lenyewe ni sweta tu, akajibiwa kwamba yeye hukaa barabarani, hajui ya nyumbani. Ndipo Mama akampelekea salamu Bi Mwanaisha: ama wao, ama sisi.

Nilijua maana yake. Wakitoka hapa hawatatafuta tena chumba Mji wa Kale. Watakwenda Tononoka, au watavuka waende ng'ambo, na Nekesa atapata mwengine wa kucheza naye. Usiku huohuo nilimshuku mamake na nikamlilia yeye, vyote kwa pamoja.

Bi Mwanaisha alikuja, akawekewa kiti uani. Mama alianza, na Mama alikuwa msemaji. Alizitaja zile salamu za kupitia, kofia, pole, kimya, na maombi ya siku ya ngurumo. "Mimi sikutaka ila radhi, Bi Mwanaisha," akamaliza. "Neno moja tu."

Mama Nekesa alikuwa amesimama. Kiti alikikataa. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la Nekesa.

"Ni hiyo," akasema. "Amesema mbele yako, mama. Alinitumia mtoto aniambie niombe radi. Dada yangu alipigwa na radi, tukiwa shamba tunapalilia mahindi. Alikuwa karibu na mimi kama kutoka hapa mpaka kwa hiyo mlango. Mimi siwezi kuomba hiyo kitu. Kama ni kuhama, tutahama."

Bi Mwanaisha alimtazama Mama, akamtazama Mama Nekesa, kisha akafanya jambo ambalo sikutarajia kwa mtu wa umri wake. Akatoa ncha ya ulimi baina ya meno yake machache, kama mwalimu wetu wa chuoni. "Radhi, mwanangu," akasema. "Si ile ya mbinguni. Ni msamaha. Ataka umuombe msamaha." Mama Nekesa akakaa kwenye kile kiti alichokikataa, kama mtu aliyetuliwa mzigo bila kuambiwa.

Mimi nilimtazama Mama. Mtu amefiwa na dadake, na imetajwa mbele yetu. Hata mimi mtoto nilijua kwamba hapa ndipo mahali pa pole, ile yetu, ile ya halali. Mama alifungua mdomo. Nikaona neno liko njiani.

"Haya," akasema. "Sasa ajua maana yake. Na aniombe."

Niliona haya, na nikikumbuka bado naona haya kwa niaba yake. Mama Nekesa alijibu kwamba alishamwomba. Mama akasema hajaombwa. Mama Nekesa akasema alimwambia siku ile ile, na akarudi akamwambia tena, na huyu mtoto alikuwepo. Mama akamgeukia Bi Mwanaisha kumuuliza kama aona anavyosingiziwa mchana kweupe. Wote wakanitazama mimi, na mimi sikuwa nimemsikia mtu akisema niwie radhi, kwa hivyo nikatikisa kichwa. Bi Mwanaisha akachoka. Akasema nyumba yake si uwanja wa vita. Wana mpaka mwisho wa mwezi wapatane, na wasipopatana wa juu ndio watakaohama, kwa kuwa wa chini ndio waliotangulia. Haikuwa haki, na nadhani mwenyewe alijua, maana hakuingoja kahawa.

Siku chache baadaye nilimkuta Nekesa amekaa katikati ya ngazi, mahali pasipo juu wala chini. Hakukimbia. Aliniuliza kama ni kweli hakuna radi. Nikamwambia hakuna, ni radhi, nikamwonyesha ulimi unapokaa. Akajaribu, akatema mate bila kutaka, tukacheka kidogo kwa kujificha. Kisha akaniuliza inasemwa lini. Nikamwambia ukimkosea mtu. Unamwendea, unamwambia niwie radhi.

"Sisi tunasema pole," Nekesa akasema. "Ukimkosea mtu unasema pole. Ukimkosea sana unasema pole sana."

Nilikaa kwenye kidato cha chini yake. Nilizikumbuka zote, ya kwanza pale mbele ya faroma, za alasiri, ile ya jioni na sabuni kali. Baba hakuwa amekufa na hakuwa akienda kufa. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Nikamwambia Nekesa kwamba basi mamake alikuwa ameshasema.

"Si ndiyo alikuwa anawaambia?" akasema.

Nilishuka. Mama alikuwa amekaa mkekani, kofia ya mjomba mapajani, akifumua upande ulioingia rangi ili aushone upya. Nikamweleza. Hakuinua kichwa.

"Nani kakutuma?"

Nikasema sikutumwa.

"Mamake Nekesa ndiye alokufunza maneno hayo?"

Nikasema ni Nekesa, na wala hakujua kama nitakuja kumwambia. Mama akanitazama mdomoni, kama nina kitu nimekificha humo. Akarudi kwenye uzi wake, akachoma sindano, akakikosa kitundu. Sikuwahi kumwona akikosa. Akachoma tena.

"Ukimkosea sana wasemaje, umesema?"

"Pole sana."

"Na yeye aliniambia ipi?"

Nikamwambia zote mbili. Alianza na pole, akamaliza na pole sana.

Mama aliiweka kofia chini, akayatazama magoti yake. Kisha akainuka, akajitanda leso, akatoka. Tangu watu wa juu wahamie hakuwa amezipanda ngazi zile. Wao ndio waliotakiwa washuke. Alizipanda polepole, akishika ukuta, nami nyuma yake. Mlango wa juu ulikuwa umeegeshwa, lakini waliposikia nyayo komeo likatiwa, na ndani kiti kikaburutwa kikaegemezwa mlangoni. Mama akapiga hodi. Akapiga ya pili. Kwetu ukipiga ya tatu usijibiwe unarudi, na Mama alikuwa mtu wa kanuni. Hakuipiga ya tatu. Akasogeza uso mpaka karibu na mbao za mlango.

"Mama Nekesa," akasema. "Pole."

Mpaka leo sijui alikusudia ipi. Ile yetu ilikuwa ya dada aliyepigwa na radi katika mahindi, na ilikuwa imechelewa. Ile yao ilikuwa ya mengine yote. Nilimvuta leso ili anitazame, hakunitazama. Alikuwa ameuweka mkono mlangoni, kiganja wazi.

"Pole sana," akasema.

Ndani, kile kiti kikaanza kuburutwa, kikiondolewa mlangoni.